Siri Yangu Naisoma kwa Vidole

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Lukuledi, wilaya ya Masasi)

Kama mnavyoniona, mimi sioni. Nimeombwa niwaeleze habari za mashine hii ndogo niliyoshika. Niseme mapema kwamba nimeazimwa tu, na ninayo kwa wiki tatu, kwa hiyo mnayosikia ni maoni ya mtu anayeanza kuizoea. Inaitwa Orbit Reader 20. Ni ya kusomea na kuandikia nukta nundu, yale maandishi aliyoyabuni Mfaransa Louis Braille na kuyachapisha mwaka 1829.

Mimi shuleni nilianza na kibao chenye vitundu na kijisumari. Unadunga karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, herufi umezigeuza, halafu unapindua karatasi ndipo usome. Ukikosea, umekosea. Tulipopata mashine ya Perkins tulifurahi sana, maana ulichoandika unakisoma hapo hapo. Lakini jamani, Perkins ni chuma! Ina uzito wa karibu kilo 5. Jaribu kuibeba kutoka hapa Lukuledi mpaka Masasi mjini, na mfuko wa karatasi nene juu yake. Tena ikianza kugonga, darasa zima linasikia.

Hii Orbit haifiki nusu kilo. Vitufe vyake vimepangwa kama vya Perkins, kwa hiyo vidole vyangu havikuhitaji mwalimu. Upande wa kwangu kuna mstari mmoja wenye nafasi 20 za herufi. Nukta zinapanda na kushuka zenyewe. Ukimaliza mstari unabonyeza, mwingine unakuja, na zinapobadilika zinachakarika kidogo kama mjusi kwenye majani makavu ya mkorosho. Maandishi yanakaa kwenye kadi ndogo kama ya simu. Nikikosea nafuta, nikitaka kuongeza neno katikati naongeza. Kwa mtu aliyekulia kwenye kibao na kijisumari, kufuta si jambo dogo.

Sasa mtaniuliza: mwalimu, mbona simu siku hizi zinasoma kwa sauti? Ni kweli. Na mashine za kubeba mkononi zinazosema zilikuwepo zamani. Ile iliyoitwa Braille 'n Speak ilitoka Marekani mwaka 1987. Ila sauti ina mambo yake. Nisikilizeni.

Miaka iliyopita nilipima afya kwenye kituo kimoja. Majibu nikapewa kwenye karatasi iliyokunjwa. Nani anisomee? Nikamwita mtoto wa jirani, yupo darasa la sita. Akasoma neno kwa neno, akakwama, akarudia. Jioni mama yake akaja kunipa pole. Pole ya nini, na mimi sijamwambia mtu? Ulikuwa ugonjwa wa kawaida, ulishapona, lakini siku ile nilijiona sina mlango wala dirisha.

Mfikirie basi msichana asiyeona wa kidato cha pili, anayetaka kujua kwa nini hedhi imechelewa. Au kijana anayetumia ARV tangu utotoni. Wote wana haki ya kusoma kuhusu miili yao bila kupitia mdomo wa mtu mwingine. Mtasema avae vifaa vya masikioni. Sawa, vinasaidia. Lakini bwenini kila mtu anataka kujua unasikiliza nini, na jina la dawa ukilisikia tu hujui linaandikwaje. Kwa vidole unaligusa herufi kwa herufi, na aliye kitanda cha pili hajui kama unasoma Historia au majibu ya hospitali. Mashine hii inaungana na simu bila waya, kwa hiyo nesi akikutumia ujumbe unausoma kimya kimya.

Ina kasoro, wala sizifichi. Nafasi 20 ni chache. Jaribuni kuhesabu: “Nywa kidonge kimoja”, pamoja na alama ya herufi kubwa na nafasi kati ya maneno, inajaza mstari mzima. “Kutwa mara tatu” iko mstari unaofuata, na asiyebonyeza atakunywa dozi pungufu. Majedwali ya Hesabu yanasumbua, na michoro ya Biolojia haipo kabisa. Inahitaji chaji. Na bei! Ilipoanza kuuzwa Marekani ilikuwa chini kidogo ya dola 500. Ni nafuu ukilinganisha na za kabla yake, zilizouzwa kwa maelfu ya dola, lakini mkulima wa korosho hapa hainunui. Ndiyo maana zinafika shuleni kwa msaada. Kilimanjaro Blind Trust Africa, yenye ofisi Nairobi, ni mmoja wa wanaozigawa. Kwa hiyo kibao changu sijakitupa. Hakiishiwi chaji.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 22 inataka habari za afya zetu zilindwe kama za wengine. Mkiitwa kumsomea mtu cheti chake, someni kwa sauti ya chini, kisha sahauni.

Darasani nako kuna kazi yenu. Mnapenda kupiga picha ubao na kutumiana. Picha mashine hii haiwezi kuigeuza nukta. Mwandikieni mwenzenu maneno yenyewe kwenye simu, au msomeeni polepole aandike mwenyewe.

Haya, naipitisha muishike. Kwanza nendeni kwenye ndoo mkanawe na kukausha mikono, maana vumbi na mafuta ya mandazi yakiingia kwenye vile vitundu, nukta zinakwama, na mwenye mashine anaitaka Ijumaa.