Mbwa Mgeni na Sheria ya Miezi Sita

Leo napenda kuzungumza nanyi habari za sheria moja iliyowaliza watu wengi katika bandari za Uingereza kwa muda wa karibu miaka 100. Msafiri alishuka melini na mbwa wake, mzima, mwenye kula vema na kutikisa mkia. Papo hapo mbwa alichukuliwa, akafungiwa peke yake bandani kwa miezi 6, na gharama zote zikawa juu ya mwenyewe. Wengi waliuliza: Mnyama huyu amekosa nini?

Hakukosa neno. Lakini kichaa cha mbwa ni ugonjwa wenye hila. Huletwa na vijidudu vidogo mno vikaavyo katika mate. Mbwa mgonjwa akiuma, vijidudu huingia jerahani, kisha husafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Safari hiyo yaweza kuchukua majuma machache, na mara nyingine miezi mingi, na katika muda huo aliyeumwa haonyeshi dalili yo yote. Hata daktari wa wanyama akimtazama mbwa wa namna hiyo hawezi kumtambua. Kwa hiyo Serikali haikumfunga mbwa kwa kumwadhibu, ilikuwa ikingoja. Kama vijidudu vimo safarini ndani ya mwili wake, na vifike, lakini vifike akiwa nyuma ya wavu.

Na hapa nikatize maneno kidogo. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lijapokuwa dogo, yampasa kuliosha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha kwenda hospitali upesi apate chanjo. Dawa ya namna hiyo ilijaribiwa kwa mtu na Louis Pasteur huko Paris, Julai 1885, kwa mtoto aliyeumwa vibaya, naye akapona. Lakini mtu akingoja mpaka dalili zitokee, aanze kuogopa maji na kuweweseka, tumaini ni dogo kabisa. Waliopona baada ya hapo wahesabika duniani kote.

Sasa turudi Uingereza. Msidhani ya kuwa nchi ile haikuwa na ugonjwa huu. Ulikuwamo, nao uliua watu. Mwaka 1897 waziri Walter Long aliamuru mbwa wafungwe midomo waendapo njiani. Watu walikasirika, na walioghadhibika zaidi walikuwa wenye mbwa wadogo wa kupakatwa. Waziri hakulegea. Tena mbwa watokao ng'ambo wakawekewa amri, na kufika 1901 kifungo cha miezi 6 kilikuwa kimethibitishwa. Mwaka 1902 ugonjwa ulikwisha nchini.

Ulikwisha kwa miaka 16 tu. Mwaka 1918, Vita Kuu ilipokuwa ikimalizika, askari walirudi kutoka Ufaransa, na baadhi yao walikuja na mbwa kwa siri. Mimi siwezi kumlaumu sana mtu aliyeona mauti kila siku, asiwe na rafiki ila mbwa mmoja, kisha akaambiwa amtoe. Lakini matokeo yake ni haya: ugonjwa uliingia tena pande za Plymouth, wanyama zaidi ya 300 wakapatikana nao, na midomo ya mbwa ikafungwa tena. Haukukoma mpaka 1922. Madaftari na makarani wa bandari hawakufaa kitu mbele ya kifuko kimoja kilichofichwa.

Tena haifai kuficha ya kuwa sheria yenyewe ilikuwa na tundu. Mwezi wa Oktoba 1969, katika mji wa Camberley, mbwa mmoja aliyeletwa kutoka Ujerumani alishikwa na kichaa siku chache tu baada ya kumaliza miezi yake 6. Alikuwa ametii sheria yote! Mwaka uliofuata akatokea mwingine huko Newmarket, aliyetoka Pakistan. Basi Serikali ikaagiza mbwa walio kifungoni wachanjwe pia.

Chanjo ndiyo iliyobadili mambo. Tangu Februari 2000 mbwa kutoka nchi kadhaa waliweza kuingia bila kufungiwa, kama wametiwa chini ya ngozi kidude chenye namba, kadiri ya punje ya mchele, wamechanjwa, na damu yao imepimwa. Miezi 6 haikufutwa mara moja. Ilihamishwa tu, mbwa akaingoja kwao. Mwaka 2012 muda ukapunguzwa. Hata hivyo mbwa atokaye Kenya au Tanzania hupimwa damu, kisha hungoja miezi 3 kabla ya kuingia, na asiye na hati aweza kufungiwa kama zamani. Tangu 1902 watu waliokufa kwa kichaa nchini humo waliumwa ng'ambo, isipokuwa mtu mmoja huko Scotland mwaka 2002, na huyo aliumwa na popo.

Tazameni sasa kisiwa cha Flores, katika nchi ya Indonesia, ambacho hakikuujua ugonjwa huu. Mwaka 1997 wavuvi walileta mbwa watatu kwa mashua. Katika miaka michache walikufa watu zaidi ya 100, na mbwa wasiohesabika wakauawa, bali ugonjwa haukutoka.

Sisi wa bara hatuna bahari ya kutuzunguka. Huko Kenya kichaa kilithibitishwa kwa mbwa karibu na Nairobi mwaka 1912, na tangu hapo kimo. Mtoto amepewa kijibwa na mjomba wake wa wilaya nyingine, nacho hupanda lori pamoja na kuku na magunia. Hapana bandari, hapana karani wa kuuliza. Ulinzi wa nchi ya namna hii ni chanjo, nao wataalamu wasema ya kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kijibwa huchanjwa apatapo miezi 3, kisha hurudiwa kwa wakati atakaoutaja mganga wa mifugo, na mwenyewe hupewa cheti chenye tarehe. Amwombapo mjomba kijibwa, na aombe na cheti chake.