BIMA YA AFYA YA MAMA NA MTOTO MCHANGA
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Kaya nyingi hujiandaa kwa siku ya kujifungua tu. Mtoto akishalia, hudhaniwa kwamba hatari imekwisha. Sivyo. Shirika la Afya Duniani hushauri mama na mtoto waangaliwe kituoni kwa muda usiopungua saa 24, kisha wapimwe kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika juma la sita. Katika siku hizo mama aweza kutokwa na damu nyingi au kushikwa na homa ya uzazi, na kitovu cha mtoto chaweza kuoza.

Sera ya Tanzania huwasamehe malipo wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali. Hata hivyo, dawa ikikosekana kituoni, hununuliwa dukani kwa fedha taslimu. Mkulima ambaye bado hajauza pamba yake huuza mbuzi kwa hasara, au hukopa.

Ndiyo maana Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzishwa Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria mwaka 2001. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Kaya iliyokwisha kuandika majina sita, kisha ikajaliwa mtoto, ilikuwa na mtu wa saba asiyekuwamo katika kadi. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Lakini mtoto asiyeandikishwa hawezi kufaidi sheria yoyote.

Basi yafaa kila katibu afanye mambo matatu. Kwanza, mchango wa bima ukatwe wakati wa malipo ya mazao, kwa idhini ya maandishi ya mwanachama. Pili, kaya inayotarajia mtoto iulizwe mapema kama kadi yake i hai na kama ina nafasi. Tatu, wazazi wahimizwe kumwandikisha mtoto mara azaliwapo na kumpatia cheti cha kuzaliwa.

Chama kinachojua idadi ya magunia ya kila mwanachama hakishindwi kujua idadi ya watoto wake.