Mashini ya Kupumulia Yenye Kompyuta
(Hotuba kwa wanachama wafanyao kazi hospitalini)



Twaambiwa ziko mashini za kupumulia zenye kompyuta ndani yake, zijuazo zenyewe lini mgonjwa aongezewe msaada wa pumzi na lini apunguziwe. Hatusemi ni uwongo. Twasema zipimwe, na sisi tuwepo zikipimwa.

Mashini moja ya namna hiyo hutazama kila baada ya dakika chache mgonjwa apumua mara ngapi, avuta hewa kiasi gani, na hewa chafu itokayo ni kiasi gani. Kisha hupunguza msaada kidogo kidogo, mpaka iseme kwamba mtu huyu aweza kujaribiwa kupumua peke yake. Mwaka 2006 ilitangazwa habari ya majaribio ya mashini hiyo katika hospitali za Ulaya, kwa wagonjwa 144. Kwa desturi ya kawaida kumwachisha mgonjwa mashini kulichukua kama siku 5. Kwa kompyuta siku 3. Hilo si jambo dogo, maana mpira ukikaa kooni siku nyingi huleta homa ya mapafu.

Lakini mwaka 2008 ikatoka habari nyingine, ya wagonjwa 102 huko Australia. Mashini ni ile ile, wala haikuonekana kuwashinda wauguzi! Huko kila mgonjwa alikuwa na muuguzi wake mmoja, mzoefu, aliyesomea kazi ya wodi ya mahututi. Wapimaji wenyewe waliandika kwamba faida ya mashini huenda yategemea jinsi kazi ilivyopangwa mahali penyewe. Ndugu, shikeni neno hilo, kwa sababu mkubwa wa hospitali akisikia "siku mbili" hukimbilia kuhesabu mishahara ya kupunguza.

Tena liko jambo la ngozi. Mashini nyingine hufuata kibanio cha kidoleni kipimacho oksijeni. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba kibanio hicho hukosa kuona upungufu wa oksijeni kwa watu weusi karibu mara 3 kuliko kwa weupe. Kibanio kikikosea, kompyuta itakosea vile vile.

Basi mashini ikiletwa wodini tutauliza ilijaribiwa kwa wagonjwa gani, na wodi ile ilikuwa na wauguzi wangapi. Tutauliza pia umeme ukikatika saa nane za usiku ni nani atakuwa kando ya kitanda. Atakayeitwa kwenda kufundishwa mashini hizo aandike aliyoyaona, amletee katibu kabla ya mkutano ujao.