Taifa Stars Mbele ya Brazil

Kesho, Juni 7, 2010, Taifa Stars ya Tanzania wanaikaribisha Brazil kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Mabingwa mara tano wa dunia wanapitia kwetu wakijiandaa kwa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, na wiki iliyopita waliichapa Zimbabwe 3-0. Sisi hatujacheza Fainali za Mataifa ya Afrika tangu 1980. Pengo ni kubwa, wala hakuna haja ya kuwaficha mashabiki.

Hata hivyo, timu hii ya kocha Marcio Maximo si ya kubezwa. Mwaka jana, kwenye CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, iliwafunga wenyeji Ivory Coast 1-0 kwa bao la Mrisho Ngassa. Ngassa ndiye tumaini langu kesho. Beki wa kulia wa Brazil, Maicon, hupenda kupanda, na nyuma yake hubaki nafasi ambayo kijana mwenye mbio kama za Ngassa anaweza kuitumia.

Ninachohofia ni dakika za mwanzo. Kelele za uwanja uliofurika zinaweza kuwapandisha mori vijana wetu wakaukimbilia mpira hovyo, na Kaka na Robinho hawasamehi kosa hilo. Beki wetu Nadir Haroub na wenzake watulie, wabane katikati. Lakini mpira ukinaswa, Stars washambulie, hata kama tumeshafungwa. Nataka kuliona bao letu.