Dawati Lingali na Joto

Siku ya shule pita Mbagala, Dar es Salaam, mida ya saa sita mchana, usimame kwenye geti la shule ya msingi yenye zamu mbili. Wa asubuhi wanatoka, wa mchana wanaingia, mabega yanagongana. Anayeingia analikuta dawati lingali na joto la mwenzake.

Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Mbagala ilikuwa minazi na mikorosho. Mtoto alikwenda shule na daftari mkono mmoja, jembe mkono wa pili. Leo hilo jembe angelimia wapi? Nyumba zimebanana hadi ukutani mwa shule.

Likaja Azimio la Musoma, 1974, na kufikia 1977 ikawa UPE, Elimu ya Msingi kwa Wote: kila mtoto asome. Walimu hawakutosha, ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafunzwe ualimu harakaharaka. Watu wanawacheka hadi leo, "mwalimu wa UPE", lakini anayecheka mara nyingi alifundishwa a-e-i-o-u na haohao.

Miaka ya themanini ada ikarudi. MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ikaja mwaka 2002, na wazazi wakachangia nguvu zao kwenye ujenzi wa madarasa. Januari 2016 elimu bila malipo ikaanza, madarasa ya kwanza yakafurika.

Ila kilichojaza madarasa si kufutwa kwa malipo peke yake. Sensa ya 2002 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 2.5, ya 2022, zaidi ya milioni 5.3. Wengi walikimbilia pembezoni, Chamazi huku, Bunju kule, kufuata viwanja vya bei nafuu. Nyumba zikatangulia, shule ikafuata nyuma ikihema. Mwenye uwezo akampeleka mwanawe ingilishi midiamu, basi la njano likampitia alfajiri. Wa kwetu anasubiri daladala, na konda akiona sare anafunga mlango.

Zamani kazi ilikuwa kuipata shule. Siku hizi kazi ni mwalimu kumwona mtoto aliyekaa nyuma.

Na kuna jingine linakuja. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi ni miaka sita, hivyo mwaka 2027 darasa la sita wa mtaala mpya na la saba wa ule wa zamani watamaliza pamoja, na Januari 2028 wote watabisha hodi kidato cha kwanza. Mzazi, kikao cha shule kikiitishwa, usimtume jirani. Nenda mwenyewe, uulize madarasa yamefikia wapi.