Nzi wa Embe Hali Peke Yake



Kila ninaposimama kuzungumzia nzi wa matunda, hoja moja hunifuata, na leo nimeamua kupambana nayo mbele yenu. Inasema kwamba bakteria waliomo tumboni mwa mdudu mharibifu ni abiria tu. Wameingia na chakula, watatoka na kinyesi, na mtafiti anayehangaika nao anapoteza fedha za umma. Mkulima apige dawa, atege mitego, yatosha.

Wanaosema hivyo si watu wa kubahatisha. Mkononi wana makala ya mwaka 2017, iliyochapishwa katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani na Tobin Hammer na wenzake, akiwemo Daniel Janzen, mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza viwavi katika misitu ya Costa Rica. Walikusanya viwavi walao majani wa spishi 124, wakapima bakteria matumboni mwao, wakakuta ni wachache mno kuliko wa wanyama wengine, na wengi wao wametoka kwenye jani lenyewe. Wakachukua kiwavi wa aina ya Manduca sexta, wakamlisha viuavijasumu, naye hakudhoofika. Miaka miwili baadaye Hammer na wenzake wakaandika tena, wakasema kwamba si wanyama wote wanaohitaji bakteria wa kuishi nao.

Nimezisoma makala hizo kwa makini na kwa heshima. Ninachopinga ni jinsi zinavyotumiwa. Anayesema si wanyama wote wanaohitaji bakteria hajasema kwamba hakuna anayewahitaji. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayechanganya kauli hizo mbili hukatwa alama. Pili, tumbo la kiwavi ni bomba lililonyooka, lina ukali wa magadi, na chakula hupita humo haraka, kwa hiyo bakteria hana mahali pa kujishikiza. Nzi wa matunda ana umbo jingine kabisa, kama nitakavyoeleza. Tatu, na hili ndilo hunikera, viwavi wale walikuwa wala majani. Mdudu anayeitesa Kyela, huku kusini mwa Tanzania, hali jani. Anaishi ndani ya tunda, kwenye nyama yenye sukari tele na naitrojeni kidogo sana, na tunda lililo bado kijani lina kemikali zake za kujilinda. Hata kwa viwavi, wale wanaotoboa machungwa hawapaswi kuhukumiwa kwa ushahidi wa viwavi wa majani. Nne, jaribio la viuavijasumu lilifanywa kwa spishi moja. Jaribio la namna hiyohiyo limefanywa kwa nzi wa matunda pia, na jibu lake lilikuwa tofauti kabisa.

Hapo ndipo namleta Lionello Petri, Mwitalia ambaye kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu bakteria wa nzi wa mizeituni nakiweka juu ya vitabu vyote vya fani yangu. Petri hakuwa na mashine ya kusoma vinasaba. Alikuwa na hadubini, kisu chembamba na subira. Alimpasua nzi mzima akakuta kichwani kifuko kidogo kinachofunguka kwenye koo, kimejaa bakteria tupu. Akampasua funza, akakuta vifuko vinne mwanzoni mwa utumbo wa kati, navyo vimejaa bakteria haohao. Kisha akafuata njia ya yai. Kwa jike, karibu na mrija wa kutagia, kuna mikunjo yenye bakteria, na yai likipita hapo hupakwa kabla halijafika kwenye tunda. Mama anamkabidhi mtoto bakteria wake hata kabla mtoto hajaanguliwa. Ndugu zangu, mwili haujengi vyumba vitatu vya namna hiyo kwa ajili ya abiria.

Petri alidhani bakteria huyo ni yuleyule anayesababisha ugonjwa wa vinundu vya mzeituni. Hakuwa yeye; mwaka 2005 alitambuliwa upya na kupewa jina la Erwinia dacicola. Lakini umbile alilolichora limebaki. Mwaka 1966 Hagen alionyesha kwamba funza aliyenyimwa bakteria kwa kiuavijasumu cha streptomaisini hawezi kuitumia zeituni kama chakula. Mwaka 2015 Ben-Yosef na wenzake huko Israeli wakaenda hatua moja mbele, na hatua hiyo ndiyo kiini cha mhadhara huu. Funza wasio na bakteria waliwekwa katika zeituni nyeusi zilizoiva, wakakua, ingawa polepole. Walipowekwa katika zeituni za kijani, walishindwa. Bakteria ndiye anayemwezesha funza kuishi ndani ya tunda bichi. Bila yeye, nzi angengoja tunda liive, na mkulima angepata muda wa kuvuna.

Kuhusu nzi wetu wenyewe sina haja ya kurefusha. Bactrocera dorsalis alitoka Asia, akagunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003, na tangu hapo Maulid Mwatawala na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine, pamoja na Marc De Meyer wa Tervuren, Ubelgiji, wamemfuatilia pale Morogoro kwa undani unaojulikana kwa kila aliye katika fani hii. Duniani hushambulia matunda na mboga za aina zaidi ya 300. Jambo moja tu hupita bila kutajwa. Mwaka 2005 nzi huyu alipewa jina la Bactrocera invadens, jina ambalo baadaye liliunganishwa na dorsalis, na mmoja wa waliompa ni Richard Drew wa Australia. Drew huyohuyo, mwaka 1983, akiwa na Courtice na Teakle, alikuwa ameandika kwamba bakteria ni chakula cha asili cha nzi wa matunda waliokomaa. Nzi hucheua, huacha bakteria juu ya majani na matunda ya mti anamoishi, nao huongezeka, kisha yeye na wenzake huwalamba na kupata protini. Aliyempa jina mvamizi wetu alikuwa ameshatuambia anakula nini, nasi tukachukua jina tukaacha habari.

Msimu mmoja wa maembe nilikuwa kando ya mto Mbaka, nimeinama chini ya mwembe nikichambua matunda yaliyoanguka, na mwenye shamba akanionea huruma. "Mwalimu, hayo yameshaoza, waachie nzi. Nitakuchumia mazuri." Nikamwomba anivumilie. Juu ya embe lililopasuka walikuwapo nzi wazima, wanalamba maji yanayochuruzika. Ndani yake funza walikuwa wanaogelea katika uji wa bakteria. Embe lile lilikuwa kiwanda. Kulifukia kwenye shimo refu, au kulifungia ndani ya mfuko mweusi na kuuacha juani, kunaua funza na pia kunaondoa chakula cha kizazi kinachofuata. Tunapomshauri mkulima aokote matunda yaliyoanguka, tumwambie sababu zote mbili, maana nimeona wengi wanaoipuuza ile ya kwanza wakishtushwa na ya pili.

Anayedhani haya ni mambo ya ng'ambo akumbuke Unguja. Mbung'o alitokomezwa kisiwani kule katika miaka ya 1990 kwa kuachia madume waliohasiwa kwa mionzi, waliofugwa Tanga. Kufuga mbung'o ni kufuga pia bakteria wake, Wigglesworthia, anayempatia vitamini ambazo damu pekee haina. Nogge alionyesha mwaka 1976 kwamba jike aliyepoteza bakteria hao huwa tasa. Na kwa nzi wa matunda wa Mediterania, Ben Ami, Yuval na Jurkevitch waliripoti mwaka 2010 kwamba mionzi ya kuhasi huvuruga bakteria wa utumbo, na dume akirudishiwa Klebsiella hupata nguvu tena ya kushindana kwa majike. Siku tutakapotaka kuachia madume tasa hapa kusini, bakteria watakuwa sehemu ya hesabu, tukipenda tusipende.

Sasa nipime na upande wa pili kwa haki. Bakteria wa Bactrocera dorsalis hubadilika kutoka mahali hadi mahali, na hubadilika zaidi nzi anapofugwa maabara. Wapinzani wangu wanauliza, kama ni washirika wa kweli, mbona si walewale kila mahali? Swali ni zuri. Ni kweli pia kwamba joto peke yake linaeleza mengi. Utafiti wa Morogoro kwenye mteremko wa Uluguru ulionyesha mvamizi akitawala mabondeni na nzi wenyeji wa jamii ya Ceratitis wakishikilia milimani, na mtu anaweza kutazama Kyela, iliyo chini ya mita 600, kisha Tukuyu, kwenye takriban mita 1,500, akasema ni joto tu.

Nimeyapima hayo yote na bado naamini kinyume. Kwangu mimi, kubadilika huko ndiyo nguvu ya mvamizi. Nzi wa mizeituni amefungwa kwa bakteria mmoja na kwa mti mmoja. Nzi wetu, popote alipotua, alichukua bakteria wa mahali hapo, na ndiyo maana matunda ya aina nyingi hayamshindi, kuanzia embe hadi pera. Na kama naamini hivyo, basi funza waliofugwa Morogoro au Nairobi kwa chakula cha kutengenezwa hawawezi kutueleza habari za Kyela. Nzi wa mizeituni wa maabara walipoteza Erwinia wao kwa njia hiyohiyo.

Kwa hiyo naomba jaribio lifanyike hapa, na lifanyike kwa namna inayoweza kunishinda. Tuchukue nzi waliotoka katika maembe ya Ipinda na Matema, hapa Kyela, na wengine wa Tukuyu. Tuwagawe makundi mawili, moja linyimwe bakteria. Tuwape maembe yaliyoiva na maembe yaliyokomaa lakini bado ya kijani, tena ya miti hiyohiyo. Funza wasio na bakteria wakikua katika embe la kijani sawasawa na wenzao, hoja ya abiria itakuwa imeshinda, nami nitasimama mbele yenu kuisoma taarifa hiyo mwenyewe. Sitarajii wakue.