Mpaka Uliopimwa kwa Maji ya Bamvua: Ukanda wa Maili Kumi Ukitazamwa kutoka Mji wa Kale wa Mombasa

Mpaka wa kimataifa kwa kawaida hueleweka kuwa ni mstari unaokata nchi kavu na kutenganisha dola mbili zinazopakana. Pwani ya Kenya iliwahi kuwa na mpaka wa namna nyingine, uliokwenda sambamba na bahari, ukipinda kila ufuko ulipopinda, na kuitenga milki ya Sultani wa Zanzibar na bara lililokuwa likigombewa na Wazungu. Mada hii inauhusu mpaka huo, ambao wenyeji huuita maili kumi, na ukanda uliokuwa ndani yake, ambao huitwa Mwambao. Dai lake ni kwamba, ingawa mstari huo ulifutwa kwenye ramani mwaka 1963, ungali unafanya kazi katika hati za ardhi na katika mahakama za Mombasa, na kwamba haueleweki vizuri mpaka usomwe pamoja na pacha wake, yaani mpaka wa Kenya na Tanzania, kwa sababu yote miwili ilizaliwa na hati moja.

Hati hiyo ni mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. Kabla yake ilikuwapo tume ya kuchunguza mamlaka ya Sultani Barghash bin Said katika mrima, yaani pwani ya bara, ambayo wajumbe wake walitoka Uingereza, Ujerumani na Ufaransa, akiwamo afisa wa kijeshi Kitchener kwa upande wa Waingereza, wala Sultani mwenyewe, ambaye milki yake ndiyo iliyokuwa ikipimwa, hakupewa kiti. Katika mapatano yaliyofuata, Sultani alitambuliwa kuwa mwenye visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, pamoja na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi za bahari kutoka ghuba ya Tunghi, kusini ya mto Ruvuma, hadi Kipini karibu na mto Tana, na miji kadhaa ya Benadiri, katika pwani ya Somalia ya leo. Maili ya bahari ni mita 1,852, kwa hiyo upana wote haukufika kilomita 19. Bara lililobaki nyuma ya ukanda huo liligawanywa kwa mstari wa pili, ulioanzia mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, ukaenda hadi ziwa Jipe, ukapita kati ya Taveta na nchi ya Wachaga, ukazunguka mguu wa kaskazini wa Kilimanjaro, kisha ukanyooka hadi ziwa Viktoria kwenye latitudo ya digrii 1 kusini.

Hapa ndipo ajabu inapojitokeza. Mstari wa kugawa maeneo ya Waingereza na Wajerumani ulianza baharini, na kwa maili zake kumi za mwanzo ulipita katika ardhi ambayo dola hizo mbili zilikuwa zimekwisha kukiri, katika hati ileile, kuwa ni ya mtu wa tatu. Kuhusu kona ambayo mstari huo unapiga kuuzunguka Kilimanjaro, masimulizi yanayopendwa sana na waongoza watalii, kwamba Malkia Viktoria alimzawadia mlima huo mjukuu wake wa Ujerumani, hayana msingi: mwaka 1886 huyo mjukuu, Wilhelm, hakuwa hata ametawazwa. Kona hiyo ilitokana na mikataba ambayo mawakala wa Kijerumani walikuwa wamewekeana na watawala wa Kichaga mwaka 1885, ilhali Taveta ilibaki kwa Waingereza kwa sababu ya mkataba aliofanya Harry Johnston huko mwaka 1884.

Mpaka wa maili kumi ulikuwa na tatizo lake la pekee, nalo ni la kipimo. Upana ulihesabiwa kutoka alama ya maji kujaa, yaani pale bahari inapofika wakati wa bamvua, ambayo ni maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwenye ufuko kama wa Diani alama hiyo inaonekana kwa macho, kwa kuwa mwani mkavu hulala kwenye mchanga kama uzi. Mombasa hali ni nyingine, kwa sababu ni kisiwa kilichozungukwa na hori, yaani mikono ya bahari iliyoingia nchi kavu: upande mmoja hori ya Tudor, na upande wa pili maji ya Kilindini yanayoendelea hadi Port Reitz. Maji ya bamvua hupanda ndani ya hori hizo hadi kwenye mizizi ya mikoko, mbali kabisa na Mji wa Kale. Atakayeanza kuhesabu kwenye kichwa cha hori atafika mbali zaidi bara kuliko atakayeanza kwenye mwamba wa Ngomeni, penye ngome kongwe ya mji. Mpaka wenyewe haukuwahi kuwekewa mawe kwa urefu wake wote, na kwa miaka zaidi ya sabini watu walitawaliwa kwa mstari ambao hapana aliyeweza kuukanyaga akasema kwa yakini kwamba ni huu.

Mstari huo usioonekana ulibeba mambo mazito. Mwaka 1890 Ujerumani ilinunua sehemu yake ya ukanda, iliyo Tanzania bara ya leo, kwa marki 4,000,000, sawa na pauni 200,000. Sehemu ya kaskazini ilikodishwa kwanza kwa kampuni ya Waingereza, na baada ya kampuni hiyo kushindwa kujiendesha, ikakodishwa kwa serikali ya Uingereza kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895. Fedha za kuifidia kampuni zilitoka kwa sehemu kubwa katika zilezile pauni 200,000, na ndiyo maana Zanzibar ilikuwa ikilipwa pauni 17,000 kila mwaka: 11,000 za kodi na 6,000 za riba ya deni. Kwa maneno mengine, bei ya pwani ya Tanga na Bagamoyo ndiyo iliyotumika kuiondoa kampuni Mombasa, na ni vigumu kuyasoma mahesabu hayo bila kuona dhuluma aliyotendewa mwenye mali. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, iliwekewa mataruma yake ya kwanza juu ya ardhi ya kukodi. Utumwa nao uliendelea kutambuliwa kisheria ndani ya ukanda hadi mwaka 1907. Mwaka 1920 bara liligeuzwa koloni, na Mwambao ukaitwa himaya, maana yake nchi yenye mtawala wake lakini iliyo chini ya ulinzi wa dola nyingine. Bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea Ngomeni, na liwali, aliyekuwa mwakilishi wa Sultani, akaendelea kuamua mambo ya mji pamoja na kadhi, hakimu wa sheria za Kiislamu, na mudiri, ofisa aliye chini ya liwali.

Kwa kulinganisha, mpaka pacha wa kusini una mawe, vituo na askari. Baadaye mwanzo wake uliwekwa Ras Jimbo, na hivyo mlango wa Umba ukabaki Kenya, ilhali chemchemi zake ziko Usambara, Tanzania. Mpaka huo ulifungwa mwaka 1977 ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ukafunguliwa mwaka 1983. Hata hivyo Wadigo na Wasegeju wako pande zote mbili, na msiba wa Jasini, upande wa Tanzania, husikika Vanga siku ileile.

Tarehe 8 Oktoba 1963, jijini London, Sultani Jamshid bin Abdullah aliachia haki zake juu ya Mwambao, siku chache baada ya mawaziri wakuu Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohammed Shamte wa Zanzibar kuandikiana barua zilizoahidi kulinda dini, mahakama za kadhi na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa. Wanaharakati wa Mwambao waliodai pwani ijitawale hawakuridhika. Kodi ikakoma, bendera ikateremshwa, na tarehe 12 Januari 1964 Sultani akapinduliwa. Lakini katiba ya Kenya iliendelea kuitaja iliyokuwa himaya kuwa ndilo eneo la mahakama za kadhi hadi ilipokuja katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 170 kinazipa mahakama hizo, nchini kote, kesi za ndoa, talaka na mirathi za Waislamu.

Athari ya ardhi ni nzito zaidi. Sheria ya mwaka 1908 ilimtaka kila mdai wa ardhi ndani ya ukanda afike mbele ya msajili na ushahidi wake, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wenye hati na mashahidi mjini walisajiliwa. Wamijikenda wengi, ambao umiliki wao ulikuwa wa ukoo na wa kaya, hawakusajiliwa, na wajukuu wao wanaitwa maskwota kwenye mashamba ambayo babu zao waliyapanda minazi. Kisiwani, hasa Majengo, hali hiyo iliambatana na umiliki unaoitwa nyumba bila ardhi, ambapo mtu huwa mwenye kuta na paa, huku kiwanja kikiwa cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Mwenye nyumba kama hiyo anapofariki, warithi hupeleka shauri kwa kadhi, naye hugawa vyumba na pango kwa mafungu ya mirathi hadi sehemu ndogo kabisa, lakini udongo ulio chini ya msingi hauingii katika hesabu hiyo, kwa kuwa jina la mwenyewe liko katika daftari lililofunguliwa wakati Mombasa ilipokuwa bado ni mji wa Sultani.